Aliyewekwa Ghalani

Nina ugonjwa mmoja ambao daktari hakuuandika: kutaka kujua. Nikimwona mtu anafunika karatasi kwa kiganja, sitatulia mpaka nijue imeandikwa nini. Kwa hiyo binti yangu aliponiona napita na nguo za kupanga, akakigeuza kimashine chake cha gemu na kukilaza tumboni, nilisimama pale pale.

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, mama."

Huyu ni kitindamimba wangu, nami namwita Kitinda. Ana miaka kumi na minne. Jumatatu asubuhi alitakiwa kuripoti shule ya bweni, shule niliyoiombea miaka miwili, na sare nilikuwa nimemshonea kwa mikono yangu, umebaki upindo wa sketi tu. Kule vimashine haviruhusiwi. Basi Ijumaa akanitolea tangazo: "Nisipoimaliza hii gemu, siendi." Mwalimu mkuu alishatuambia kwamba asiyeripoti Jumatatu, Jumanne nafasi yake anapewa mwingine. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Yeye ananitazama tu, kimya, na ukimya huo ndio ulionitia hofu, maana ubishi mtoto huyu kaurithi kwangu.

Jumamosi mchana nikaweka nguo chini, nikajibwaga kitandani kwake, pembeni ya sanduku lililokuwa bado tupu. "Haya," nikamwambia, "nionyeshe hicho kinachonizidi cheo nyumbani kwangu."

Akanionyesha. Unapita vichakani unakamata madudu. Mengine yanatema moto, mengine ni ya maji, mengine ya mawe, mengine yana umeme mwilini. Unayalea, yanakua. Unaruhusiwa kutembea na sita tu, yanayobaki yanakaa ghalani. Mwisho wa safari kuna jumba lenye Walinzi wanne na Bingwa wao, unapigana nao mmoja baada ya mwingine, na ukishaingia hutoki kwenda kutibu majeruhi. Una dawa zako chache mfukoni, basi. Ukishindwa na yeyote, unaanza upya na wa kwanza.

"Umeshindwa mara ngapi?"

"Kumi na moja." Akafikiri. "Kumi na mbili, na ya leo asubuhi."

Nikavaa miwani nikasogea. Wa kwanza kikosini alikuwa simba mwenye manyoya ya moto, na chini yake pameandikwa jina: Mkasi. Nikacheka mpaka kitanda kikalia. Mkasi ndiye fundi wangu wa kukata vitambaa, mtu hodari kweli kweli, ila hajawahi kufika kazini kabla yangu tangu nimfahamu.

"Kumbe umeyapa majina yetu ya karakanani?"

"Siyo yote," akajibu haraka, na kidole chake kikaharakisha kubadilisha ukurasa. Nililiona hilo. Nikalihifadhi.

Mimi nina karakana ya kushona sare, watu tisa. Kazi naifanya nimesimama, kutwa nazunguka kutoka meza hadi meza, ingawa daktari aliniambia nikae. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya upumbavu ambao mafundi wenzangu wanautania hadi leo: niliajiri wakataji wanne. Kukata kunapendeza machoni, mkasi unalia, kitambaa kinaanguka, unaona kazi inakwenda. Baada ya wiki mbili vipande vilikuwa vimefika dirishani na hakuna shati hata moja lililotoka mlangoni. Kwa hiyo nikaanza kumhoji Kitinda.

"Huyu kazi yake nini?"

"Kupiga."

"Na huyu?"

"Kupiga kwa moto."

"Na huyu ndege?"

"Kupiga, lakini haraka."

"Na wakipigwa wao?"

Akakuna kichwa. "Hapo ndipo tunapoanguka."

"Mwanangu," nikasema, "una karakana ya wakataji."

Akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo, na mimi nikajisikia vizuri kuliko nilivyotarajia. Tukachukua karatasi. Nikamwuliza kila Mlinzi ana madudu gani, yanaogopa nini, nani hutangulia. Wa tatu alikuwa wa maji, na Kitinda alikuwa anampelekea madudu manne ya moto yakazimwe! Tukatoa mawili, tukaingiza mkunga, yule samaki kama nyoka, mwenye umeme. Kisha nikamchagua konokono mdogo wa kijani ambaye hana nguvu hata ya kuvunja yai, ila anamwaga unga unaowalaza maadui usingizi. Alikuwa amempa jina la Kifungo, yule mama wa kutia vifungo karakanani kwangu. Pacha wake kabisa. Mama Kifungo haongei, lakini ukigeuka kazi imekwisha.

Nikasahau chungu jikoni kikaungua. Sikujali. Nilikuwa naulizia madudu kana kwamba nitayalipa mshahara.

Mlinzi wa kwanza na wa pili wakaanguka, wa tatu akaanguka. Wa nne, mwenye madudu ya mawe, akatufagia. Tukarudia, akatufagia tena. Kila Kitinda alipotaka kumpa mmoja dawa, aliyesimama mbele alikuwa ameshalazwa.

"Hatuna wa kupokea kipigo," nikasema. "Tunataka mtu wa pasi. Wa kukaa kwenye joto ili wenzake wamalize."

"Hatuna," akasema.

Alilisema upesi mno. Halafu akazima kimashine, akasema macho yanauma.

Jumapili baada ya chakula cha mchana aliingia kuoga. Sitajitetea. Nilikiwasha kimashine, nikabonyeza huku na huku mpaka ghala likafunguka, nikapita mjusi, nikapita popo, na kwenye ukurasa wa mwisho nikamkuta kobe. Kobe mkubwa, gamba pana, miguu minene, amelelewa kuliko wote, hata kuliko Mkasi. Peke yake ukurasa mzima. Chini yake pameandikwa: Mama.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mimi nisahauliwe stoo kama cherehani bovu, na Mkasi mchelewaji awe wa kwanza?

Kitinda akatoka na taulo kichwani, akaniona, akaganda.

"Kumbe mimi ni wa ghalani?"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi, basi? Unashindwa mara kumi na nne, na kobe huyu unaye?"

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Akipigwa mpaka uhai umwishie, chini inaandika jina lake. Inaandika, Mama ameishiwa nguvu." Akavuta taulo mpaka usoni. "Ndivyo walivyoniambia kwenye simu. Siku ile. Mwalimu alinipa simu ofisini, wakaniambia, mama yako ameishiwa nguvu, njoo."

Hasira ikanitoka yote, nikabaki mtupu.

Mwezi wa tatu nilianguka karakanani, katikati ya meza, presha. Siku nane nililala hospitali. Niliporudi nilimfokea mtu kuhusu kola iliyopinda, nikaona mambo yamekwisha, na nyumbani hatukulizungumza tena. Kaka zake wanaishi mbali, tumebaki wawili. Nikamtazama yule mtoto na taulo lake, nikaelewa kwamba gemu haikuwa sababu. Alikuwa anatafuta njia ya kubaki anilinde. Iliniuma, na nikajionea aibu.

"Nikuulize," nikasema. "Unajua kilichotokea baada ya mimi kuanguka?"

"Hujawahi kuniambia."

"Mkasi alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Na uzito wangu huu. Dada wa pasi alizima pasi zote, akakaa na mimi hospitali, akinipepea. Mama Kifungo alibaki na mashati mia mbili ya shule, hakumwambia mtu kitu, akawapanga wengine. Nilipofumbua macho niliulizia mashati. Wakaniambia yalishapelekwa." Nikavuta pumzi. "Unajua nilikasirika? Nilikasirika kwamba yalikwenda bila mimi."

Akacheka ndani ya taulo, cheko lenye kilio.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Kitinda. Niweke kikosini."

"Mama."

"Niweke. Na uniweke mbele."

Akaniweka. Mlinzi wa kwanza hakutusumbua, wala wa pili, na wa tatu mkunga alimmaliza. Kwa yule wa mawe, kobe alisimama akipokea vipigo huku wenzake wakipewa dawa nyuma yake, na mimi kila akipigwa nilikunja uso kana kwamba ni mgongo wangu. Tukapita. Ndipo akatoka Bingwa na joka lake jeusi. Kobe akapokea kipigo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na dawa zilikuwa zimekwisha. Cha nne kikamlaza. Maandishi yakatoka chini, herufi moja moja.

Mama ameishiwa nguvu.

Vidole vya Kitinda vikasimama. Gemu ile haina haraka, inasubiri mpaka uchague. Na mimi niliyasoma maneno yale, na hayakunipendeza hata kidogo.

"Haya," nikasema. "Nani anafuata?"

"Mama..."

"Nimeuliza nani anafuata."

"Kifungo."

"Mwite."

Konokono akaingia, mdogo kama kidole mbele ya lile joka, akamwaga unga wake. Joka likasinzia. Mkasi akaja nyuma yake, akapiga mara tatu, na joka likaanguka.

Kitinda hakushangilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya matibabu ya gemu, akawakabidhi wote sita, akasubiri. Mstari wa uhai wa kobe ukajaa taratibu mpaka mwisho.

"Ameamka," akasema.

Kisha akaniletea ile sketi. Nikakaa napinda, naye akaanza kupanga sanduku.

"Shuleni wanaruhusu kupiga simu Jumapili, ofisini," akasema huku ananikwepa macho. "Nipe namba ya Mkasi."

"Ya Mkasi? Na yangu?"

"Yako ninayo kichwani. Lakini wewe utaniambia u mzima hata ukiwa chini."

Nikaichukua ile karatasi ya kikosi, nikaandika namba ya Mkasi na ya Mama Kifungo, kila moja pembeni ya dudu lake, na ya dada wa pasi chini yao. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa sketi kabla sijakata uzi.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka getini pa shule, nikafika karakanani saa tatu. Mkasi alikuwa ameshafika. Kwenye meza yangu, pale ninaposimama kila siku, palikuwa na kiti.

"Hiki nini?"

"Agizo," akasema, hata hakuinua macho kwenye kitambaa. "Nimepigiwa simu jana jioni. Nimeambiwa wewe unakaa."

Nikamtazama. Nikautazama mstari wake wa chaki, ulikuwa umepinda. Nikamfokea kuhusu chaki ile mpaka akaomba radhi, lakini nilimfokea nimekaa.