Sindano Aliyoikataa Mama Kasoki

Mapigano yalipofika kwenye vilima vya juu ya Mweso, goti jipya la Mama Kasoki lilikuwa na miezi minne tu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la vitenge pale Mweso, na kwa miaka mingi mwili wake ulikuwa na kilo mia moja na arobaini. Madaktari wa Kampala walikataa kumbadilishia goti akiwa na uzito ule. Walimkata kwanza tumbo, wakaliacha dogo kabisa, akapungua kilo hamsini. Ndipo wakamwekea goti la chuma. Hawakumficha kitu: mtu aliyepitia njia hiyo damu yake huweza kupungua, kidonda chake huweza kuchelewa kupona, na vidudu vikiingia kwenye chuma, mara nyingi lazima kitolewe.

Sasa alikuwa ametembea nalo siku mbili kwenye njia ya Pinga, akiyakimbia mapigano, ameshika bega la jirani yake Nyiraneza, mkulima wa Masisi aliyeacha viazi vyake shambani. Pikipiki zote za kukodi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Siku ya pili mchana goti likavimba, likawa la moto, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka kwa homa.

Walifika kwenye kituo kidogo cha afya. Muuguzi, Jean-Bosco, alikuwa peke yake, anafunga dawa kwenye makarto na kuyapakia kwenye pikipiki yake ili naye akimbie. Alikubali kumwangalia. Alibonyeza goti, akasema lina usaha. Atalitoboa, alitoe maji, kisha ampe kidonge cha ibuprofeni cha maumivu. Akachukua sindano.

Mama Kasoki akamshika mkono.

"Usichome mu goti, muganga. Iko chuma ndani. Uchafu ikiingia, nitapoteza muguu. Na ile kinini ya maumivu, tumbo yangu walishaikata. Itaniletea vidonda ndani."

Jean-Bosco hakuwahi kusikia mtu aliyekatwa tumbo ili apungue. Alimtazama mama huyu ambaye bado alikuwa mnene, akadhani ni homa inayosema. Akaomba karatasi za hospitali. Zilibaki Mweso. Mama Kasoki akapandisha blauzi, akamwonyesha makovu matano madogo, lakini hayo yangeweza kuwa ya kitu chochote.

Milio ya bunduki ikasikika upande wa Kalembe, nyuma yao. Nje, watu wakaanza kukimbia. Nyiraneza akamsihi akubali tu, waondoke. Mama Kasoki mwenyewe aliogopa: kama kweli ni usaha, basi anajiua kwa kukataa. Hata hivyo hakuuachia ule mkono.

"Pima kwanza malaria. Hii baridi naijua," akasema. "Ikikosekana, fanya yenye unaona ni sawa."

Muuguzi aliangalia mlango. Kisha akaweka sindano chini, akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Walingoja robo saa. Mstari wa pili ukatokea.

"Iko malaria," akasema Jean-Bosco polepole.

Akarudi kwenye goti, safari hii bila haraka. Kovu lilikuwa limefunga, kavu, halina wekundu; uvimbe ungeweza kuwa wa mwendo tu. Bado hakuwa na hakika. Akamchoma dawa ya malaria kwenye paja la mguu usio na chuma, maana hakuamini tena lile tumbo kwa vidonge. Kisha akafungua kamba za pikipiki yake, akateremsha makarto mawili ya seramu, yale maji ya dripu, na kuyaacha mlangoni, akawapandisha wote wawili.

Siku ya tatu homa ilishuka. Walifika Walikale, na baada ya wiki saba Mama Kasoki akapata nafasi katika ndege ndogo ya kwenda Bukavu. Hospitalini huko, picha ya eksirei ilionyesha chuma kiko mahali pake, na vipimo havikuona vidudu. Damu ndiyo ilikuwa chini sana. Walimtia dawa ya madini ya chuma, ya kuongeza damu, kwa njia ya mshipa. Ila goti halikunjiki tena vizuri tangu safari ile. Misani, wengine wanapopiga magoti, yeye hubaki amekaa, Nyiraneza pembeni yake.