Sentensi ya Loveth

Mwalimu Scholastica alifundisha Kiingereza Kidato cha Pili katika shule moja ya Mikumi, na siku hiyo alitaka wanafunzi wake waache kudanganywa na macho. Aliandika ubaoni NGO, UN na HIV, akawaeleza kwamba kuchagua "a" au "an" hakufuati herufi inavyoandikwa bali inavyotamkwa. N ya NGO hutamkwa "en", kwa hiyo ni "an NGO". U ya UN hutamkwa "yu", kwa hiyo ni "a UN car". Darasa likaanza kumwelewa. Akamwita Loveth, binti mpole asiyekosea ovyo, aje aitungie HIV sentensi.

Loveth alishika chaki, akasita. Sauti ya mvulana ikatoka nyuma: "Si amwandike mama yake."

Wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa. Mwalimu hakuwa na habari; darasa zima lilikuwa nayo. Loveth aliiweka chaki taratibu, akatoka, asirudi.

Mvulana yule, Octavian, alipelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, lakini moyo wa Scholastica haukutulia. Mfano ule aliuchagua mwenyewe. Angeweza kuandika SMS, somo likaeleweka vilevile.

Jioni alikwenda kwao Loveth. Mama yake, Angela, alikuwa akichambua mchicha. Alimkaribisha vizuri, akamwambia binti amepanda basi kwenda Kilosa kwa mama yake mdogo. Scholastica akaomba radhi.

"Mimi dawa nameza miaka yote hii, sijifichi," Angela alisema. "Anayeficha ni yeye. Alidhani shuleni hawajui."

Jumamosi walikwenda Kilosa pamoja. Loveth alimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaketi ubavuni mwa mama yake, macho chini. Scholastica alimweleza kwamba Octavian ameadhibiwa, na kwamba mfano ule hatautumia tena darasani.

Loveth akainua uso. "Usipoutumia, mwalimu, watajua ni kwa sababu yangu."

Angela alibaki kulala kwa mdogo wake. Mwalimu akarudi Mikumi peke yake. Loveth hakurudi tena shule ile, na uhamisho wake aliushughulikia Scholastica mwenyewe, ofisi baada ya ofisi.