Njia ya Lami Hadi Maporomokoni

Dada yangu Shaelie aliponipeleka kupakwa rangi kucha, tena akalipa yeye, nikajua nimekwisha. Kwetu Utah dada hamlipii mdogo wake kucha bure. Kidole lazima kipendeze kwenye picha ya pete ya uchumba.

"Ya nini yote haya?" nikamuuliza.

"Mapenzi tu, mdogo wangu. Tuliza mkono huo."

Kesho yake Dallin, mpenzi wangu, akanipitia, shati limenyooshwa vizuri, akasema twende tukaone maporomoko. Maporomoko! Tumeyaona tangu tuko chekechea. Dallin ni kijana mwema, sikatai. Lakini wiki ile ile chuo cha udaktari wa mifugo huko Colorado kilikuwa kimenikubali, nami nilimwambia wazi kwamba naenda, na kuolewa sitaki mpaka nimalize. Akajibu, "Sawa, nimekuelewa." Nikamwamini, mjinga mimi.

Pale pa kuegesha magari niliona gari la mama limefichwa nyuma ya lori la mtu. Kulificha gari jekundu lile ni sawa na kumficha ng'ombe uvunguni.

Laiti yangekuwa maporomoko ya kupanda kwa mikono na magoti, wazee wangebaki nyumbani. Haya yetu yana njia ya lami na vyuma vya kushikia, hata mtoto anayetambaa anafika. Nyuma ya msonobari lilichomoza gurudumu la kiti cha Bibi Verla, bibi yake Dallin, na kando yake mpiga picha amejikunyata. Nikataka kugeuka nikimbie. Nyuma yetu walikuwa wajomba zake Dallin, wamejifanya watalii, wanapiga picha kibao cha choo.

"Dallin, turudi. Nina neno na wewe."

"Tukifika, mpenzi."

Tukafika. Manyunyu yalikuwa yanatulowesha alipopiga goti, na watu wakachomoka vichakani wakishangilia kabla hajafungua hata mdomo. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamwonea huruma. Nikainama hadi sikioni mwake.

"Si nilikwambia sitaki?"

Tabasamu lake halikutikisika. "Najua. Lakini mwone bibi, analia. Sema ndiyo kwa leo tu, tutaongea garini, tuyamalize wenyewe. Usiniaibishe, Maren. Nakuomba."

Nikamtazama Bibi Verla, amejifunika blanketi hadi kidevuni, machozi yanamtiririka. Nikasema ndiyo.

Basi nikakumbatiwa na kila mtu. Mama akawa anapiga kelele, "Agosti! Hekaluni kuna nafasi ya harusi Agosti!" Mjomba mmoja akanipiga bega: "Bi harusi gani huyu kanuna? Cheka bwana, picha zina gharama!" Nikacheka. Bibi Verla alinishika mkono akaugandamiza shavuni mwake, na mimi nikaona aibu, maana shavu lake lilikuwa la moto na mkono wangu baridi kabisa.

Tulipoingia garini nikafunga mlango, nikavua pete, nikamnyooshea.

"Haya, Dallin. Tuongee."

Akawasha gari. Akawapungia wajomba mkono, akapiga honi mara mbili, nao wakajibu kwa zao, mmoja mbele yetu na mwingine nyuma.

"Kuhusu nini?" akauliza.