Kituo cha Nne

Waongoza watalii wa mji mkongwe walimbandika jina la Bi Tarehe, naye hakulikataa. Wenzake walikuwa na mazimwi, mapenzi ya siri na mahandaki. Yeye alikuwa na tarehe, sahihi na mihuri. Mtu akimwuliza kama ni kweli ukuta fulani hulia mvua ikikaribia, alijibu kwamba chokaa hunyonya unyevu, kisha akapanda baiskeli yake. Waliokuja kusisimka walirudi kwao wamesoma, na ajabu ni kwamba wengi walirudi tena na ndugu zao.

Ziara ilianzia mlangoni kwa baba yake, fundi baiskeli. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja: chini karakana, juu vyumba walivyoishi wawili hao tangu mama alipofariki. Baba ndiye aliyewapimia wateja viti. Humsimamisha mtu kando ya baiskeli, hupandisha tandiko mpaka usawa wa nyonga, kisha hulipiga kofi kama anayemuaga punda.

Asubuhi hiyo wateja walikuwa wanne: maharusi wa wiki mbili waliokuwa bado wanashikana mikono hata wakiwa na usukani, mchinja nyama mmoja mwenye mwili wake, na tarishi mstaafu wa posta aliyelipiwa ziara na binti zake.

"Mzee, hii itanibeba?" mchinjaji aliuliza, akiikagua baiskeli kama ng'ombe aliyekonda.

"Imebeba magunia ya mkaa," fundi akamjibu. "Tena yenyewe yalikuwa hayaulizi maswali."

Tarishi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akamwambia Bi Tarehe, "mitaa hii nimeikanyaga miaka thelathini na tisa. Sijui utanionyesha nini."

"Nitakuonyesha ulichokuwa unakipita, baba."

Vituo vitatu vya kwanza vilikwenda salama: kisima, ghala la chumvi, shule ya zamani. Cha nne kilikuwa katika mtaa uleule wa karakana, upande wa pili, mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani na tanuri lililokufa uani. Hapo ndipo Bi Tarehe alipojipatia sifa.

Alishusha stendi, akangoja kila mtu ashushe yake, akaanza. Miaka hamsini na miwili iliyopita, wakati wa amri ya kutotoka nje, wafanyakazi tisa wa mtaa huu walikamatwa mchana mmoja. Sita walirudi. Watatu hawakurudi. Majina yao yalikuwa yametolewa na jirani. Faili la polisi, alilolipata yeye mwenyewe katika hifadhi ya nyaraka, halikumtaja mtu huyo kwa jina. Lilitaja nyumba yake tu. Na aliyeishi katika nyumba hii alikuwa mwoka mikate.

"Mmoja wa wale watatu," aliendelea, kwa sauti ileile, "alikuwa mwana wa huyo mwoka mikate. Faili halielezi kwa nini baba alimtaja mwanawe. Mimi nami sielezi."

Bibi harusi aliachia mkono wa mumewe. Kila ziara palikuwa na mtu aliyefanya kitu kama hicho.

Dirisha la juu lilifungwa. Nalo lilifungwa kila ziara. Humo aliishi binti wa mwoka mikate, sasa mwenye miaka sabini na ushei. Mwaka wa kwanza alishuka mpaka barabarani akasema baba yake hakufanya jambo hilo. Bi Tarehe alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika maneno yake kwenye daftari pamoja na siku na saa, kisha akamweleza kwa adabu kwamba neno la mtoto juu ya baba yake si ushahidi. Tangu hapo bibi hakushuka tena.

"Leo saa nane halmashauri inabandika kibao hapa ukutani," Bi Tarehe alisema. "Maneno nimeandika mimi. Nitawasomea, mniambie kama yanaeleweka." Akakunjua karatasi. "Katika nyumba hii, nambari kumi na nne, aliishi mtu aliyewauza majirani zake tisa..."

"Nambari ngapi?" tarishi akauliza.

"Kumi na nne." Akaonyesha kibati cha buluu juu ya mlango.

"Hiyo naiona. Ya kwenye faili, nakuuliza."

"Hiyo hiyo. Kumi na nne."

"Faili la miaka hamsini na miwili?" Tarishi alivua kofia ngumu, akajikuna kichwa. Uso wake ulikuwa bado wa mzaha, lakini mzaha ulikuwa unamtoka polepole. "Mwanangu, miaka hiyo hapa hapakuwa kumi na nne. Nambari zilibadilishwa mwaka nilioingia posta. Zamani zilianzia kisimani, zikapanda upande wa kushoto, moja mpaka ishirini, halafu zikarudi zikiteremka upande wa kulia, ishirini na moja mpaka arobaini. Ndipo wakaja na mtindo huu wa witiri kushoto, moja, tatu, tano, na shufwa kulia, mbili, nne, sita. Mwezi mzima tulitembea na daftari lenye nambari mbilimbili. Nyumba hii ilikuwa thelathini na nne."

"Una uhakika?"

"Dada yake huyu bibi alihamia ng'ambo. Alimwandikia barua mpaka anakufa, na nambari mpya aliikataa katakata. Nani aliyekuwa akizifikisha?" Akainua kichwa, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka barabarani. "Mama Thelathini na Nne! Hodi!"

Dirisha likafunguka. "Nani ananiita kwa jina alilonipa marehemu dada yangu?"

"Tarishi wako. Una bahasha moja ya zamani?"

Bibi alishuka nayo. Bi Tarehe aliipokea kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma, thelathini na nne, akatazama muhuri wa posta. Alikuwa amechunguza karatasi ya lile faili, wino wake, sahihi ya afisa na mihuri mitatu. Nambari ya nyumba hakuichunguza. Ya nini, na imepigiliwa mlangoni?

"Hilo faili lako," bibi akasema, "linasema nambari ngapi?"

"Kumi na nne."

"Miaka sita unasimama hapa. Hukuwahi kuitaja."

"Nilisema nyumba hii. Nambari hukuniuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua?" Bibi alimtazama tarishi, kisha mchinjaji, kisha maharusi, kana kwamba anahakikisha wote wamesikia. "Basi kumi na nne ya zamani ni ipi? Nendeni mkahesabu. Mimi nipo."

Hesabu yenyewe haikuhitaji baiskeli. Nyumba ya kumi na nne upande wa witiri: mbili mara kumi na nne, toa moja. Bi Tarehe alikuwa na jibu kabla bibi hajafunga mdomo. Hata hivyo alipanda baiskeli akateremka mpaka kisimani, wengine wakamfuata kama mkia, akaanza kuhesabu milango ya kushoto mmoja mmoja kwa kidole. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuhesabu akiomba akosee.

Kumi na moja, fundi cherehani. Kumi na mbili, wapangaji. Kumi na tatu, mlango uliozibwa kwa matofali.

"Kumi na nne," mchinjaji akasema kwa furaha ya mtu aliyewahi kujibu darasani. Kisha akatazama tairi zilizoning'inia mlangoni. "Lakini si hapa tulipochukua baiskeli?"

Bwana harusi alimkanyaga mguu.

Bi Tarehe alirudi kisimani akahesabu tena. Ikaja ileile. Alipojaribu kushusha stendi, mguu wake uliipapasa mara tatu bila kuipata, na baiskeli ikaanguka. Aliiacha hapohapo chini, gurudumu likizunguka, akaingia karakana.

Baba alikuwa anakaza spoku. "Mmerudi mapema. Nani kapata pancha?"

"Baba, kabla ya nambari kubadilishwa, nyumba hii ilikuwa ngapi?"

Mkono wa fundi ulisimama. "Nani kauliza?"

"Mimi."

Alitazama nje, akawaona wale wanne, akamwona tarishi akiwa ameshika kofia kifuani kama mtu aliyefika matangani. Akaweka kifunguo cha spoku juu ya kiti.

"Kumi na nne," akasema.

"Ulijua."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Babu yako alikuwa fundi saa, hilo unalijua. Kulikuwa na afisa wa polisi aliyekuja kila wiki kutengenezewa saa. Saa ileile. Nikawa najiuliza, saa gani hii isiyopona? Afisa akiingia, mimi natumwa dukani. Halafu ikaja ile siku ya watu tisa, na afisa hakuja tena. Saa ikawa imepona."

"Nilikuja na faili hapa. Nilikaa kiti kile. Nikakusomea."

"Ulinisomea. Nikafungua mdomo. Ukasema ni mwoka mikate, una mihuri mitatu. Wewe ukishaamini kitu, mwanangu, nani wa kukubishia?" Alijaribu kutabasamu. "Nikasema, basi, Mungu kanisitiri."

"Kwa nguo ya nani, baba?"

Fundi alilishika gurudumu, akalizungusha kidogo, akalisimamisha.

Bi Tarehe alijiona amesimama wima, mikono imening'inia. Watu husema wamepigwa na butwaa. Yeye siku zote aliona ni msemo wa wavivu. Sasa aligundua kwamba unaeleza jambo halisi: masikio yanasikia, macho yanaona, na vyote havifiki popote. Aliona vizuri kabisa msumari ukutani. Hakujua ni wa nini. Nyani haoni kundule, alikuwa akiwaambia wanafunzi waliokuja ziarani, ndiyo maana tunasoma nyaraka. Nyaraka zilikuwa zimemwonyesha kundu lake, naye akawa analinyooshea kidole upande wa pili wa barabara.

"Wapigie halmashauri," baba alisema kwa sauti ya chini. "Waambie faili lina utata, wakizuie kibao. Inatosha. Yule bibi atapumzika. Si lazima kiende kokote."

"Kaka yake pia alikuwa kwenye orodha."

"Najua nani alikuwa kwenye orodha. Tulicheza naye mpira."

Bi Tarehe alitoa simu hapohapo, mbele ya baba yake. Ofisa wa halmashauri alikuwa tayari yuko njiani na kibao na mafundi wawili.

"Msibandike," Bi Tarehe alisema. "Nambari nimeikosea."

"Wewe? Umekosea wewe?" Ofisa alicheka. "Leo jua limechomoza wapi? Haya, tukibandike nambari ipi?"

Baba alikuwa amemgeuzia mgongo, anatafuta kitu katika boksi la nati ambamo hakikuwamo. Shati lake lilikuwa limechanika begani, mahali binti alipoahidi kupashona tangu juzi.

"Ishirini na saba," Bi Tarehe akasema.

"Ishirini na saba si kwa..."

"Ni kwetu. Ndiyo."

Alikata simu. Baba hakugeuka. Vidole vyake viliendelea kuchakura nati, na sauti ile ya vyuma ilimfuata binti mpaka nje.

Wale wanne walikuwa wamemwokotea baiskeli. Mchinjaji alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya tairi lake. Walizikokota baiskeli zao kurudi kwenye mlango wa kijani, hakuna aliyethubutu kupanda.

Bibi alikuwa ametoa kiti nje, amekaa kizingitini.

"Kumi na nne ni ya nani?" akauliza.

"Ya babu yangu."

Bibi alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba tarishi alisogea hatua moja, akidhani ameanguka usingizini au pabaya zaidi. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Fundi saa," akasema. "Alikuja msibani kwa kaka yangu. Tulimpa kiti cha mbele."

"Bibi, kibao nimekizuia hapa. Kinakwenda kwetu. Na kuanzia kesho hatutasimama tena mlangoni kwako. Kituo hiki nakiondoa."

"Unakiondoa?" Bibi aliinuka, akishika mwimo wa mlango. "Ehee! Uchafu umwage mchana, kudeki udeki kimyakimya? Waliokusikia miaka sita wako wapi, nani atawafuata makwao? Hukiondoi. Utasimama palepale unaposimama, mara zako tatu kwa wiki, useme baba yangu alikuwa nani, kaka yangu alikuwa nani, na wewe ulisema nini juu yao. Mpaka nichoke mimi. Si wewe."

"Sawa, bibi."

"Na uanze na hawa. Walisikia ule uongo, wausikie na ukweli."

Tarishi alikuwa wa kwanza kushusha stendi. Wengine wakafuata, moja, mbili, tatu. Bi Tarehe alisimama mahali pake, mgongo kwenye mlango wa kijani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa kituo cha nne. Tarehe zilikuwapo. Mihuri ilikuwapo. Akapitisha macho kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akaurudisha. Kwa kuwa faili halikutaja jina, naye hakuwahi kulitafuta.

Aligeuka nyuma.

"Bibi," akasema, "baba yako aliitwa nani?"