Moja Hadi Nane

Alikuwa amebana kitufe cha hedifoni mpya za wakili, akisubiri taa ipepese rangi ya bluu. Watu walimwita Vidole, kwa jinsi alivyochapa haraka. Laptop yake ilitumikia ofisi mbili: asubuhi zahanati ya chini, mchana ofisi ya wakili, ghorofa ya juu yake. Kila kifaa ilichowahi kuunganishwa nacho ilikikumbuka, kama mama mkwe anavyokumbuka makosa.

Kwa kawaida hakuwa akiipandisha juu kazi ya zahanati. Lakini leo wakili alikuwa mahakamani, barua moja ya daktari ilikuwa imebaki, na mgonjwa mwenyewe, mama mmoja, alikuwa chini kwenye benchi akiisubiri. Vidole akaona aimalize hapohapo.

Skrini ikaandika kwamba kifaa kimeunganishwa. Hakusoma ni kipi. Akafungulia sauti ya daktari, aliyoirekodi ili ichapwe kuwa barua, akasikiliza: kimya. Akarudisha mwanzo, akaongeza sauti. Kimya. Mara ya tatu akaongeza mpaka mwisho. Akasimamisha. Hapo simu ikaita. Ni nesi.

"Dada Vidole, unatufanyia nini huko juu?"

"Kwani vipi?"

"Daktari yuko ndani na mgonjwa, huku sauti yake inaita namba kwenye spika. Watu wamesimama foleni. Babu mwenye namba nne anamgombeza namba tatu, eti anajifanya kiziwi."

Vidole akafunga laptop kama anaua mbu. "Amefika ngapi?"

"Mara zote tatu anaishia nane."

Spika ile aliiunganisha na laptop mwenyewe wiki iliyopita, kwa somo la kunawa mikono. Na daktari haanzi kurekodi bila kuhesabu moja hadi kumi, kujaribu mashine; Vidole na nesi humcheka kwa hilo. Baada ya kumi, hutaja jina la mgonjwa. Kisha ugonjwa.

Akashuka, akamweleza daktari yote. Daktari akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Yule mama anajua?"

"Bado. Naomba nimwambie mwenyewe."

Alimwita pembeni, karibu na mlango. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Jina langu limetajwa?"

"Hapana, mama. Lilikuwa karibu sana."

Mama akatazama benchi. Majirani zake wawili walikuwa pale, bado wanabishana juu ya foleni.

"Basi nitaifuata kesho. Lakini mwanangu, uichape ukiwa umetulia."

Vidole akarudi juu, akafungua orodha ya vifaa. Vilikuwa kumi na vinne, vingine hata hakukumbuka ni vya nani. Akaanza na spika ya zahanati, akaifuta. Kwa kila kimoja aliulizwa kama ana uhakika, na kila mara alisoma jina mara mbili kabla ya kukubali. Alikuwa amefuta sita mlinzi wa jengo alipoanza kutikisa funguo kwenye ngazi, akitaka kufunga.

Akazima Bluetooth yenyewe. Kwenye kiganja akaandika kwa kalamu: hedifoni za waya. Barua hakuigusa.