Injini Inataka Tusimame, Nyuki Wanataka Twende

Kwenye mlima mmoja kabla ya Makere, toyo yangu ilianza kunuka. Sio petroli, hapana. Ni oili inaungua. Dereva wa toyo hiyo harufu anaijua kama anavyoijua sauti ya mama yake akikasirika. Nikapunguza gia, wapi! Injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, kama kuna mtu amefungiwa ndani anataka kutoka. Nikaivuta pembeni ya lami, nikazima.

"Mbona umezima?" akauliza Mama Pelagia, abiria wangu niliyekuwa nimebanana naye kiti kimoja.

"Imechemka, mama. Tusubiri ipoe."

"Tusubiri nini? Washa! Mansuri, washa hicho kitu chako, nyuki watanifia!"

Ngoja niwaeleze tulibeba nini, maana hapo ndipo utamu na uchungu vilipo. Toyo mnaijua, pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma. Basi kwenye ile bodi hakukuwa na mahindi wala saruji. Kulikuwa na masanduku manne ya nyuki. Wazima! Milango imezibwa, na juu, mahali pa mfuniko, tumewawambia chandarua ili wapate hewa.

Mama Pelagia ni mjane wa Kibondo. Mume alipozikwa tu, shemeji yake Reverien akalichukua shamba, akasema hataki kuona mizinga humo, Jumatatu ikifika bado ipo anaichoma moto. Na huyu mama hana kingine. Asali ndiyo inamlisha. Dada yake wa Heru Juu, huku Kasulu, akamwambia leta nyuki wako, kuna nafasi nyuma ya mihogo. Wenye malori wote walimkatalia. Mimi nilikubali hata hajamaliza kuongea, kwanza nikatoa simu nikaanza kurekodi video.

Mpango ulikuwa mzuri. Tutoke Kibondo alfajiri na baridi yake, jua likichomoza tuko mbali. Ila pancha pale Busunzu ikaula ule ubaridi wote. Tulipofika huo mlima, jua limeshapanda, lami inameremeta kama imemwagiwa maji.

"Nisikilize," Mama Pelagia akasema. Alikuwa ameshuka, ameweka kiganja juu ya chandarua. "Nyuki waliofungiwa wanajipepea wenyewe. Tukitembea, upepo unawasaidia. Tukisimama wanapepea mpaka wanachoka, joto linapanda, nta inalainika, asali inawamwagikia. Wanakufa wote. Hivi hivi unaona."

"Na mimi nikitembea injini inanata, mama. Ikinata imekwisha. Hatufiki leo wala kesho."

"Sasa?"

"Sasa injini inataka tusimame, nyuki wanataka twende."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyelitengeneza jua.

Nikachuchumaa. Nikatema mate kwenye injini, tsss, hayakufika hata chini. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ipo, imekuwa nyepesi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, lakini ipo, na niliibadilisha jana yake kwa mikono yangu. Mzigo sio mzito kuliko saruji ninayobeba kila wiki. Mlima huu nimeupanda mara ngapi? Mbona leo?

Kulikuwa na dumu moja la maji. Nikalishika. Mama naye akalishika upande wa pili.

"Haya ni ya nyuki."

"Naomba kidogo tu niloweshe kitambaa, nikipitishe pembeni pembeni."

"Haya ni ya nyuki, Mansuri."

Nikaliachia. Akatia maji mdomoni, akawapulizia juu ya chandarua, fuu, fuu, sanduku moja moja, taratibu, kama anampoza mtoto mwenye homa. Mlio ukashuka kidogo. Ukapanda tena. Mnajua nyuki wakiwa sawa wanasema mmmm. Hawa walikuwa wanasema zzzIIII, juu kabisa, mpaka meno yanawasha.

Hapo akatokea jamaa na baiskeli, kabeba maboksi ya sabuni. Mkongo, nilimjua alivyofungua mdomo tu.

"Kaka, moteri imekufwa? Mie nasaidia kusukuma!" Akaegesha baiskeli, akaja anakunja mikono ya shati. Katikati ya njia akasimama. "Iko nini inalia mule ndani?"

"Nyuki," mama akajibu.

"Banyuki?"

"Nyuki."

"Banyuki ba kweli?" Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye baiskeli yake. "Mama, munabeba kifo kwa moteri, na bado munaendeleya na safari? Mie ni Cadet, niko na watoto. Nasukuma kwa maombi!"

Nilicheka, wallahi nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye sanduku la mbele.

"Mansuri. Washa. Huyu mkubwa anaanza kunyamaza."

Nikawasha. Ikakubali. Tukapanda pole pole, gia ya kwanza, mimi nimeinama mbele kama nasaidia kuvuta. Hatukufika hata kwenye kona. Ko-ko-ko-ko, nguvu ikakata, moshi wa buluu ukatoka. Nikazima haraka kabla haijanata. Cadet alikuwa anatufuata kwa mbali anakokota baiskeli, akapaza sauti, "Yesu, angalia watu wako!"

Sasa nikaingiwa na hasira. Injini ya toyo iko chini ya kiti, inapoa kwa upepo tu, unaingilia mbele unatokea nyuma. Nikasema ngoja nione huo upepo unakwenda wapi. Nikapitisha mkono chini ya kiti. Mbele, sawa, wazi. Nyuma, kati ya injini na bodi, mkono ukagota. Kitu laini. Nikavuta. Gunia! Nikavuta, gunia lingine! Limekauka, limeanza kuungua pembeni. Limeshindiliwa pale kama godoro, na juu yake turubai limefungwa kwa kamba, fundo safi.

Nikamnyooshea. "Mama, hii nini?"

Akayaangalia yale magunia. "Nililowesha mimi. Kule Kibondo, ulipokwenda kunywa chai."

"Kwa nini?"

"Nyuki hawapendi joto la injini wala moshi wake. Nikaweka maji na gunia katikati, lisiwafikie."

"Mama! Hapo ndipo injini inapopumulia!"

"Nitajuaje? Ulinionyesha?"

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa na simu yako!"

 Nyuki nyuma yetu wakazidi kupiga kelele.

Basi nikatoa magunia yote, nikafungua na turubai. Upepo ukapita, ukaenda moja kwa moja kwenye sanduku la mbele, lile kubwa. Nikaweka kiganja: moto kama pumzi ya tanuri la mkate. Pembeni ya sanduku, kwenye kona ya chini, tone la asali likajitokeza. Likadondoka. Lingine.

"Mawe!" mama akasema kwa Kiha, kama mtu anayemwita mama yake, kwa sauti ndogo sana.

"Tulirudishe nyuma?"

"Nafasi iko wapi?" Kweli, masanduku yalijaa bodi, hata kiganja hakipiti.

"Tulipandishe juu ya lingine?"

"La chini litakosa hewa." Akajifuta uso kwa khanga. put Aliwakuta kwenye mti, akawashusha kwa mikono, hana hata glovu. Hao wengine wote wametoka kwa hawa."

Nikalifuta tone la asali kwa kidole. 

Akatazama chini ya barabara, kuna miti yenye kivuli. Akatazama yale masanduku mengine matatu. Kisha akaanza kufungua kamba.

"Shika huko."

"Tunaliacha?"

"Shika, nimesema."

Lilikuwa zito balaa. Tukalishusha kwenye majani, tukalipachika kwenye panda ya mti, tukafunika juu kwa yale yale magunia na turubai. Mama akamwaga maji yote yaliyobaki kwenye kipande cha turubai, waje wanywe. Mlango wa sanduku ulizibwa kwa kitambaa; akakishika, tayari kukichomoa.

"Nenda ukawashe toyo. Ukinisikia, usiangalie nyuma."

Nikakimbia. Nikawasha. Nikamsikia! Anakuja mbio, khanga juu ya kichwa, na nyuma yake wingu. Mmoja akanikuta kwenye kope, mwingine shingoni. Cadet aliruka juu ya baiskeli yake, sabuni zinamwagika, anapiga kelele kwa Kifaransa. Hata leo sijui kama ilikuwa sala au matusi.

Na ile toyo? Ikapanda. Hakuna ko-ko-ko. Upepo unaingia, upepo unatoka. Sehemu ya mbele ya bodi imebaki wazi, joto linapotelea pale. Sikupita gia ya pili mpaka kileleni, jicho moja limefumba, mama kageuka nyuma kashikilia masanduku kwa mikono miwili.

Makere tukasimama kununua maji, injini ikiwa inanguruma. Cadet akatufikia, mashavu yamevimba, anadai sabuni zake kwa ishara, kisha akaona jicho langu akacheka mpaka akakaa chini. Nikampa namba yangu.

Heru Juu tukapokelewa na dada mtu. Tukashusha masanduku nyuma ya mihogo. Mama hakutaka chai, hakutaka kukaa. Akapiga magoti, akagonga sanduku la kwanza kwa kidole, akaweka sikio. Mmmm. La pili. Mmmm. La tatu akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Akanishika mkono akaniinamisha. Nikaweka simu kwenye chandarua, nikarekodi, kisha nikaicheza, sauti juu mpaka mwisho.

Kidogo sana. Kama mtu anahema usingizini. Lakini ipo.

"Wamekufa wengi," akasema. "Sio wote."

Akakaa pale pale chini, anaangalia upande tuliotokea. Jua lilikuwa linashuka ndipo simu ikaita.

"Kaka, ni Cadet. Pasa kwa mama." Nikaweka spika. "Mama, banyuki bako. Mie napita pale, niko mbali, mbali saaana. Basharudi mu nyumba yabo. Benye kutoka, benye kuingia, kama watu ba soko."

Mama Pelagia akafunga macho.

"Mansuri," akasema baadaye, "toyo yako asubuhi inatoka saa ngapi?"

"Ukisema wewe."

"Bado giza. Tunalifuata lile sanduku la marehemu, na safari hii tunaliweka nyuma kabisa." Akanyanyuka, akapangusa magoti. "Na huko chini ya kiti sigusi kitu mpaka unionyeshe."