Siku Moja ya Mkata Karatasi

Kwa jina la Mola agawaye riziki, aliyekipa kila kiumbe mikono na akaificha kazi ya mikono hiyo mpaka itafutwe, tunaanza. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake na waliomfuata kwa wema. Ama baada ya hayo, waliokuwamo chumbani ni watatu.

Wa kwanza ni mwenye chumba, Bi Mshauri, mwalimu wa zamani wa jiografia, ambaye kazi yake sasa ni kuwaongoza vijana na wazazi wao katika kuchagua masomo na kazi. Wa pili ni mwanamume mpole wa makamo, mkata karatasi katika kiwanda cha chapa, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Wa tatu ni binti yake wa pekee, aliyemaliza shule, mama yake amekwishatangulia mbele ya haki. Binti alishika simu. Chuo cha mafundi wa meno bandia, katika mji mwingine, kilikuwa kimempa nafasi, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuipokea au kuiachia.

"Mwambie wewe, Bi Mshauri," baba alisema. "Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka. Aende chuo."

"Mimi nataka kazi yako, baba," binti akasema. "Na sababu ya kuninyima hujatoa hata moja. Kila siku ni haikufai, haikufai, utadhani naomba kuolewa na jambazi."

"Unamsikia?"

"Namsikia," Bi Mshauri alisema. "Sauti anayo."

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Bi Mshauri alikisafisha mwenyewe, akaomba dirisha, akapewa nusu dirisha. Meza aliitoa, kwa kuwa aliona watu wanajificha nyuma yake, yeye akiwa wa kwanza. Alibakisha viti vitatu, birika na rafu ya vijitabu vya vyuo. Na alikuwa na kanuni moja iliyojulikana mtaa mzima: hamuulizi mtoto anataka kuwa nani mpaka mzazi kwanza amsimulie mtoto siku yake moja ya kazi, toka anapoingia mpaka anapotoka. Wazazi wengi hudhani ni jambo jepesi. Dereva mmoja alisema, "Naendesha," akaangalia viatu vyake muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe mambo ambayo hata mkewe hakuwa ameyasikia.

"Basi tuanze," Bi Mshauri alisema. "Msimulie siku yako."

"Kukata karatasi? Kuna la kusimulia?"

"Lipo. Anzia mlangoni. Ni kiwanda kipi, baba?"

"Kile cha chapa, nyuma ya stendi ya malori."

Bi Mshauri alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha chini bila kunywa. Vijitabu vya rafuni mwake vilikuwa vikichapwa palepale. Msimu uliopita alikwenda kuchukua vipya akakuta lango limefungwa mnyororo, na mlinzi aliyebaki akamwambia mashine zimeuzwa, wenyewe wamehama, na wafanyakazi wote wamerudishwa makwao. Aliingiwa na shaka, lakini akamdhania baba yule wema. Huenda amepata kazi kwingine, na ulimi umezoea jina la zamani. Akasema, "Endelea."

Baba akaanza kwa kigugumizi, kisha maneno yakamjia.

"Karatasi ikitoka kwenye mashine ya chapa ina joto, kama mkate. Hukati papo hapo. Unashika mrundo, unaupepea, hewa ipite kati ya karatasi na karatasi. Halafu unaugonga mezani upande huu, unaugonga upande ule, mpaka kingo zikae sawa, ukipitisha kidole usihisi kitu. Ndipo unausukuma chini ya kisu. Bamba linashuka, linabana. Kuna vitufe viwili, kila mkono na chake, na kisu hakishuki mpaka vibonyezwe vyote pamoja, maana mkono ni kitu cha kusahaulika. Kisu kizuri hakipigi kelele, mama. Kinapumua tu. Ukisikia kinakwaruza, ujue kinataka kunolewa."

"Na wenzako?" binti aliuliza. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Wananiita Wembe. Kuna Mzee wa Wino, vidole vyeusi toka ujana wake. Tukimwambia aoshe mikono kabla ya sala anasema huo wino haubanduki, na isitoshe, malaika wa kushoto, mwandika madhambi, akiishiwa atakuja kuazima kwake."

Binti akacheka, na baba akacheka naye, na kwa kitambo kidogo chumba kikawa kikubwa. Bi Mshauri peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi na wazazi wengi na kujua sauti ya mtu anayesimulia kazi aliyoiacha asubuhi: huwa na uchovu ndani yake, na manung'uniko, na jina la msimamizi fulani asiyependwa. Ya huyu haikuwa na vumbi hata kidogo. Hivi ndivyo watu wanavyowataja marehemu.

"Sasa unaona?" binti alimgeukia Bi Mshauri. "Mtu anayeichukia kazi hasimulii hivi. Baba, umenikatalia kwa sababu unaniona sifai, basi. Mimi mikono yangu haitetemeki. Utanifundisha, nitaweza." Akainua simu. "Nawapigia chuo. Nafasi wampe mwingine."

"Ngoja, mama."

"Ningoje nini? Niambie kitu kimoja kibaya cha kazi ile. Kimoja tu."

Baba aliishika kola yake, akainyoosha.

Bi Mshauri aliona kwamba kanuni yake, aliyoitumainia miaka yote, leo imetega mtego: mtu ameisimulia kazi yake kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo binti anakwenda kufunga mlango ulio wazi ili abishe hodi kwenye lango lenye mnyororo. Akinyamaza, atakuwa amemhini binti, naye ni amana mikononi mwake. Akisema, atakuwa amemvua baba nguo mbele ya mwanawe, na sitara ya Mwislamu si kitu cha kuchezea. Simu ilikwisha kuwaka.

"Binti yangu, iweke mapajani kidogo," alisema. "Chuo hakijafunga."

Binti aliiweka, bila kuizima.

"Baba, umetusimulia siku nzuri. Sasa msimulie ya jana."

"Ya jana?"

"Jana yenyewe. Toka ulipofunga mlango wa nyumbani."

Mtu yule alimtazama. Bi Mshauri aliinamisha macho, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Vijitabu vyangu hivi walikuwa wakinichapia kule kwenu. Siku hizi napeleka kwingine."

Kola iliyosimama ikaonekana imemzidi shingo. Binti alimwangalia baba, akamwangalia Bi Mshauri, akarudi kwa baba.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Mimi nakwenda kupunga upepo," Bi Mshauri alisema, akisimama. "Chumba ni chenu. Chai imo birikani."

Akatoka, akauvuta mlango. Ulikuwa umevimba kwa mvua na haukufika mwisho. Katika benchi la ukumbini aliketi mama mmoja aliyekuja na wanawe wawili, akisubiri zamu.

"Shikamoo, Bi Mshauri. Leo umefukuzwa ofisini kwako?"

"Marahaba. Nimetoka mwenyewe kabla hawajanifukuza."

"Kuna kesi kubwa humo?"

"Hakuna kesi. Kuna watu wanazungumza. Sogea kule mwisho, mama, tukae pamoja."

Alitaka waondoke karibu na mlango, kwa kuwa yaliyokuwa yakisemwa ndani hayakuwa yao. Lakini kabla hawajainuka ilisikika sauti ya baba, ya chini, fupi. Bi Mshauri alitarajia kilio, au mlango kubamizwa. Ikaja sauti ya binti, haikupanda wala haikutetemeka.

"Na chakula nilichokuwa nakufungia kila asubuhi, ulikuwa unakilia wapi?"

Baba akaanza kumjibu. Jibu lilikuwa refu, na Bi Mshauri akainuka, akamshika mkono yule mama, akaenda naye na wanawe mpaka mwisho wa ukumbi ambako sauti ile ilikuwa mvumo tu, haikatiki, na huko midomo yake ikawa inacheza taratibu: Ewe Mwenye kusitiri, wasitiri waliobaki ndani. Mpe baba maneno ya kutosha, mpe binti subira ya kuyasikiliza mpaka mwisho, na riziki ya kila mmoja wao uifungulie mlango wake. Amin.